Wizi wa Ng'ombe na Neno la Kiingereza "Rustle"

(Mazungumzo kwa watu wa Cheptais na jirani zao)

Wazee, akina mama, na vijana wa Cheptais: kila mara ng'ombe wanapochukuliwa kwa nguvu huko Turkana, Baringo, Pokot au katika miteremko ya Mlima Elgon, neno moja hutokea katika magazeti ya Kiingereza na katika taarifa za redio. Wizi huo huitwa "rustling", na mtu aufanyaye huitwa "rustler". Neno hili limezoeleka mno, hata mtu asiyejua Kiingereza hulitamka barazani. Lakini watu wakiulizwa maana yake halisi, na mahali lilipotoka, wengi hunyamaza. Wengine hudhani kwamba ni neno la mahakamani tangu zamani. Wengine hudhani kwamba lilibuniwa kwa ajili ya wafugaji wa Afrika na desturi zao. Yote mawili si kweli. Neno hili lina historia yake, na historia hiyo ina faida kwa kila mtu mwenye ng'ombe, hata akiwa na mmoja tu.

NENO LENYEWE

Asili yake ni sauti tu. Tangu karne ya 14 Waingereza wametumia neno "rustle" kwa ile sauti ndogo ya vitu vikavu vinavyogusana: majani makavu yakipitiwa na upepo, nguo ya hariri mtu anapotembea, au karatasi ikikunjwa. Mtu alalaye kando ya shamba la mahindi yaliyokauka, yakingoja kuvunwa, aijua sauti hiyo vizuri. Kwa Kiswahili ni mchakacho, na kuifanya sauti hiyo ni kuchakarisha.

Katika karne ya 19 neno lilipata maana ya pili huko Marekani. Watu wa huko walilitumia kwa mtu aendaye huku na huku kwa bidii, asiyekaa bure, atafutaye riziki kwa haraka na kwa juhudi. Katika miaka ya 1870 mtu kuitwa "rustler" ilikuwa ni sifa. Maana yake ni mtu hodari. Hata ng'ombe aliyeweza kujitafutia majani wakati wa baridi kali alisifiwa kwa neno hilo hilo.

Wala mtu asishangae kwamba sauti ya majani imekuwa jina la bidii. Kiswahili chenyewe kina jambo linalofanana na hilo. Karatasi huchakarisha, na mtu ajitahidiye kutafuta riziki ya watoto wake, hapa kibarua, pale biashara ndogo, husemwa kwamba anachakarika. Mahali penye mwendo hapakosi sauti. Lakini Kiswahili kiliishia hapo, na Kiingereza cha Marekani kiliendelea hatua moja zaidi. Katika miaka ya 1880 "rustler" lilianza kuwa na maana ya mwizi wa ng'ombe.

SIFA ILIYOGEUKA KUWA AIBU

Jambo hilo lilitokea namna gani? Vita vya Marekani vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, ng'ombe wengi sana walikuwa wakizurura katika nyika za Texas bila mchungaji na bila alama. Alama ya mwenyewe ilikuwa chapa ya moto. Ndama asiye na chapa aliitwa "maverick", kwa jina la Samuel Maverick, wakili wa Texas aliyefariki mwaka 1870, ambaye ng'ombe zake zilijulikana kwa kutotiwa chapa. Desturi ilikuwa kwamba mtu wa kwanza kumtia chapa ndama wa namna hiyo ndiye mwenyewe. Matajiri wenye mashamba makubwa waliwalipa wachunga ng'ombe wao ujira kwa kila ndama waliyemtia chapa ya tajiri. Mchunga ng'ombe hodari ni yule aliyewapata wengi.

Baadaye wachunga ng'ombe na wakulima wadogo nao walianza kutia chapa zao wenyewe, ili wapate makundi yao. Hapo matajiri walikasirika. Katika Wyoming walikuwa na chama chao chenye nguvu, na mwaka 1884 ilipitishwa sheria ya kukipa chama hicho mamlaka juu ya kila ndama asiye na chapa. Tangu hapo mtu mdogo aliyefanya lile ambalo jana alilipwa ujira kwa kulifanya, alikuwa mwizi. Kitendo ni kile kile, na ndama ni yule yule. Aliyebadilika ni mtu anayefaidika.

Hapana shaka kwamba wezi wa kweli walikuwako pia. Wako waliofuta chapa za wenzao na kutia zao, na wako waliofukuza makundi ya watu usiku. Lakini neno moja lilitumika kwa wote, kwa mwizi na kwa jirani maskini asiyependwa na matajiri. Mwezi wa Aprili 1892 matokeo yake yalionekana. Wenye mashamba makubwa na watu wao, jumla yao kama 50, miongoni mwao wakiwamo wapiga bunduki waliokodiwa kutoka Texas, walikwenda katika wilaya ya Johnson kuwaua watu waliodai kuwa ni "rustlers". Tarehe 9 Aprili walizunguka kibanda cha mchunga ng'ombe Nate Champion, wakamwua yeye na mwenziwe Nick Ray. Hapakuwa na hakimu, wala shahidi, wala mashtaka. Wananchi wa wilaya hiyo walipopata habari walichukua bunduki zao, wakawazunguka wauaji hao nao, mpaka askari wa serikali walipokuja kuwaokoa kwa amri ya Rais Benjamin Harrison. Kesi ilifunguliwa, lakini mwaka 1893 ilifutwa, na hata mmoja hakuadhibiwa.

Hilo ndilo funzo la kwanza la neno hili. Mtu akiisha kupewa jina la mwizi, watu wengi hawaulizi tena ushahidi.

WAINGEREZA NAO WALIIBIANA NG'OMBE

Liko funzo la pili, nalo ni la watu wakaao mpakani kama watu wa Cheptais. Wako wanaosema kwamba wizi wa ng'ombe ni ugonjwa wa makabila fulani ya Afrika, tena hauna dawa. Maneno mengine ya Kiingereza yanakanusha jambo hilo.

Kwa karne kadhaa, mpaka mwanzo wa karne ya 17, mpaka wa Uingereza na Uskoti ulikuwa nchi ya wizi wa ng'ombe. Jamaa za upande huu zilipanda farasi usiku, zikavuka, zikachoma nyumba na kufukuza ng'ombe za upande wa pili; na mwezi ufuatao wale walioibiwa walikwenda kulipa kisasi. Neno "raid", linalotumiwa leo kwa uvamizi wa wafugaji, lilitoka huko. Maana yake ya asili ni safari ya kupanda farasi. Neno "blackmail", ambalo leo ni kumtoza mtu fedha kwa vitisho, lilitoka huko pia. Yalikuwa malipo ambayo mkulima aliwapa wavamizi ili wasimguse.

Hata desturi ya kufuata nyayo ilikuwako. Sheria ya mpaka ilimruhusu mtu aliyeibiwa kuvuka na kufuata ng'ombe zake katika muda wa siku 6, akiwa na mbwa na baragumu, na kinga cha moto juu ya mkuki wake, ili kila mtu aone kwamba hakuja kuiba bali anafuata mali yake. Aliyemwona hakuwa na ruhusa ya kumzuia.

Wizi huo ulikoma namna gani? Mwaka 1603 mfalme mmoja alitawala nchi zote mbili, na mwizi hakuwa tena na mpaka wa kujificha nyuma yake. Mfalme huyo alitumia ukali mwingi, na wengine waliadhibiwa bila haki. Lakini wajukuu wa wezi hao leo ni wakulima, walimu na mahakimu kama watu wengine. Basi wizi wa ng'ombe haumo katika damu ya kabila lolote. Umo katika mahali ambapo mpaka ni wazi, soko la mali ya wizi liko karibu, na mkono wa sheria uko mbali.

MLIMA ELGON

Watu wa Mlima Elgon hawakungoja kufundishwa na mgeni maana ya wizi. Lugha zao zilikuwa na neno lake kabla ya Kiingereza kufika. Katika lugha za Kikalenjin mwizi ni chorindet. Wabukusu husema omwifi, na mtu asikiaye ataona mara moja udugu wake na neno la Kiswahili cha kale, mwivi, ambalo leo ni mwizi. Wakikuyu nao husema mũici. Maneno haya matatu ya mwisho yametoka katika shina moja la kale la lugha za Kibantu. Hakuna hata moja kati ya hayo lenye sifa ndani yake.

Na mlima wenyewe ni shahidi. Mwishoni mwa mwaka 1883 msafiri Joseph Thomson alifika katika mapango ya Elgon, akawakuta watu wakikaa humo pamoja na mifugo yao, vibanda na mazizi vikiwa chini ya mwamba. Pango lina mlango mmoja, na mtu mwenye mkuki aweza kuulinda. Wabukusu kwa upande wao walizungushia vijiji vyao kuta na mahandaki. Watu hawajitaabishi hivyo kwa sababu ya mchezo wa vijana. Ni kweli kwamba zamani vijana wa makabila mengi walikwenda kuteka ng'ombe ili waonyeshe ushujaa na kupata mahari. Lakini aliyetekwa ng'ombe zake alilia, zamani kama sasa.

Tena hali ya zamani imepita. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, Wakaramojong walichukua bunduki nyingi katika ghala la silaha la kambi ya Moroto, na silaha hizo zikaenea pande zote za mpaka. Mkuki uliweza kumwua mtu mmoja mlangoni. Bunduki huua nyumba nzima. Na ng'ombe waliochukuliwa kwa bunduki hawaendi daima kuwa mahari ya kijana. Wengi hupakiwa katika malori na kufika machinjioni kabla mwenyewe hajamaliza kufuata nyayo.

Basi mtu akiendelea kuuita unyang'anyi huo kwa neno lenye harufu ya desturi, au lenye sauti nyepesi ya majani, anawafichia watu ukweli. Ng'ombe mmoja wa maziwa wa mjane ni chakula cha watoto, ni karo ya shule, ni dawa ya homa. Aliyemchukua hakuchakarisha majani. Ameiba.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Kenya hutumia maneno ya wazi. Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu chaeleza maana ya kuiba: ni kuchukua kwa hila, bila haki ya kudai, kitu kiwezacho kuibwa. Kwa wizi wa kawaida adhabu ya kifungu cha 275 ni kifungo kisichozidi miaka 3. Lakini mifugo imepewa kifungu chake, cha 278, na adhabu yake yaweza kufika miaka 14. Kifungu hicho chawataja farasi, punda, ngamia, ng'ombe, kondoo, mbuzi, nguruwe na watoto wao, na hata mbuni. Hakitumii neno la "rustling", chasema wizi. Na wezi wakija na silaha, au wakiwa zaidi ya mmoja, au wakimjeruhi mtu, hapo ni unyang'anyi wa nguvu, na kifungu cha 296 kimeandika hata adhabu ya kifo.

Mwaka 2008 nchi za Afrika Mashariki ziliandika mapatano ya kuukomesha wizi huu, kwa njia ya chama cha wakuu wa polisi wa nchi hizo kilichoundwa mwaka 1998. Mapatano hayo yalilichukua neno la Wamarekani, lakini yakalifunga kwa maana yake: ni kuiba mifugo ya nchi au jamii nyingine, au kupanga na kusaidia wizi huo, kwa silaha za hatari na kwa nguvu. Maneno ya kupanga na kusaidia yafaa yakumbukwe. Mtu anayewaonyesha wezi njia, na tajiri anayewatuma, hawawezi kujitetea kwamba hawakushika kamba ya ng'ombe.

JINA LA MTU NA JINA LA KABILA

Limebaki jambo zito kuliko yote. Wako watu ambao, wakisikia "rustlers", hawafikirii mtu, hufikiria kabila. Husema: wale wa juu mlimani, au wale wa bondeni, au wale wa ng'ambo ya Lwakhakha. Methali yasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Methali hiyo ni ya kapu la samaki. Haifai kuwa sheria ya watu.

Serikali ya kikoloni ilijaribu njia hiyo. Sheria ya Adhabu ya Pamoja ya mwaka 1909 iliruhusu kijiji au jamii nzima kutozwa faini kwa kosa la wachache. Mzee aliyekuwa amelala nyumbani kwake alipoteza mbuzi zake kwa sababu ya vijana asiowajua. Njia hiyo haikumaliza wizi. Iliwafundisha watu kwamba asiye na hatia na mwenye hatia hulipa sawa.

Na watu wa Cheptais hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kati ya mwaka 2006 na 2008 ugomvi wa mashamba ya Chebyuk ulizaa kundi lenye silaha, lililoua watu, kuwatoza kodi, na kuchukua mifugo yao. Jeshi lilipokuja mwezi wa Machi 2008, mashirika ya haki za binadamu yaliandika kwamba wanaume na vijana walikamatwa kwa jumla, na kwamba wengi waliteswa. Raia wale wale walionyang'anywa ng'ombe zao usiku na wenye bunduki, mchana walishukiwa kuwa ndio wenye bunduki. Hilo ndilo tunda la kuwapa watu wengi jina la wachache.

Iko hatari ndogo kuliko hiyo, nayo hutokea mara nyingi zaidi. Mtu mmoja akipiga ukelele wa "Mwizi!" sokoni, dakika chache zatosha kumwua mtu kwa mawe. Huenda ni mwizi kweli. Huenda ni mgeni aliyenunua ng'ombe kwa fedha yake. Aliyekufa hawezi kuonyesha hati yake. Wale waliomwua Nate Champion nao walisema wanawaua wezi.

Basi yapasa kila mtu ashike mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kosa liitwe kwa jina lake: likiwa wizi, liitwe wizi, likiwa ni kwa bunduki, liitwe unyang'anyi, wala lisifunikwe kwa kisingizio cha mila. La pili, mwenye kosa naye aitwe kwa jina lake, yaani mtu fulani, mwana wa fulani, aliyeonekana mahali fulani na shahidi fulani. Wala lisitajwe kabila lake kana kwamba ndilo lililofungua zizi.

Mambo haya yana kazi zake za mikono. Mwenye ng'ombe amtie alama inayojulikana, aziandike rangi na alama za mifugo yake, na atunze hati ya kila mnunuo. Mnunuzi asikubali mnyama asiye na hati wala kibali cha kuhamishwa, hata bei ikiwa nzuri namna gani. Bei nzuri kupita kiasi ni ushahidi. Zizi likivunjwa, habari ifike kwa chifu na polisi usiku ule ule, na wazee wa pande zote mbili za mpaka wafuate nyayo pamoja, maana nyayo zikishuhudiwa na watu wa pande zote mbili hazizai vita.

Neno "rustle" lilianza kama mchakacho wa majani makavu, likawa sifa ya mtu hodari, kisha likawa jina la mwizi, na katika safari hiyo liliwaua watu wasio na hatia. Usiku huu majani ya mahindi yatachakarisha tena katika mashamba ya Cheptais. Mara nyingi ni upepo, na pengine ni jirani apitaye kwenda kwake. Siku ambayo ni mwizi, aitwe mwizi, akamatwe akiwa hai, na ahukumiwe kwa jina lake mwenyewe. Siku za mwizi ni arobaini. Lakini siku hizo ni zake peke yake, si za ndugu zake wala za watu wa lugha yake.